Muuguzi Ana Swali, Nani Amtafutie Jibu?

Kila inapozungumzwa habari ya ubora wa huduma hospitalini, hakosekani mtu wa kusema kwamba wauguzi wetu hawasomi. Wakishatoka chuoni, inadaiwa, wanaendelea na yale yale waliyofundishwa, ilhali tafiti mpya zimejaa kwenye intaneti na nyingine zinasomeka bure. Dawa inayopendekezwa ni semina: siku mbili ukumbini, projekta, namna ya kuandika maneno kwenye kanzidata ya PubMed, cheti, nauli, kisha kila mtu anarudi kwenye wodi yake. Ninaloshikilia hapa ni kwamba lawama hiyo inamkosea muuguzi, na semina hiyo inatibu ugonjwa usiokuwepo. Kutafuta ushahidi wa kitabibu ni kazi kamili yenye ujuzi wake na saa zake, sawa na kazi ya maabara au ya stoo ya dawa. Hospitali ambayo haijampa mtu kazi hiyo haina sababu ya kushangaa kwamba haifanyiki.

Tuanze na yanayojulikana kuhusu wauguzi wenyewe. Mwaka 2005 American Journal of Nursing ilichapisha uchunguzi wa Pravikoff na wenzake kuhusu wauguzi wa Marekani, nchi isiyo na upungufu wa kompyuta wala wa intaneti. Waliojibu walikuwa 1,097. Wengi walisema huhitaji taarifa mara kwa mara wakiwa kazini, ila walipoulizwa wanaipata wapi, waliwataja wenzao wa kazi mbele ya majarida, maktaba na kanzidata za kitabibu. Miaka minne kabla ya hapo, Carl Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walikuta hali hiyo hiyo: muuguzi akikwama humwendea mtu, hasa muuguzi aliyebobea katika jambo lenyewe, hata pale penye vitabu na kompyuta. Kanada nako Carole Estabrooks alionyesha kwamba maarifa ya wodini hutoka zaidi katika mazungumzo na uzoefu kuliko katika maandishi ya kitafiti. Matokeo ya namna hii husomwa kama hati ya mashitaka. Mimi nayasoma kinyume. Mwenzako wa zamu unamuuliza huku mkono mmoja umeshika kanula. Anamjua mgonjwa, anajua stoo kuna nini, na anakupa jibu moja la kufanyia kazi kabla dripu haijaisha. Kanzidata inakupa makala 400 na haikwambii uanze na ipi. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiwa na wagonjwa 30 na saa mbili za dawa mbele yake, angemuuliza mwenzake. Tatizo linakuja pale ambapo huyo mwenzake naye alimuuliza mwenzake, na ukifuata mnyororo huo hadi mwisho hukuti mtu aliyewahi kuusoma ushahidi wenyewe.

Kanzidata hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya mtu aliyesimama kando ya kitanda. John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, alianzisha Index Medicus mwaka 1879 ili kuorodhesha makala za udaktari zilizokuwa zikichapwa duniani. Mwaka 1964 kazi hiyo ikaingia kwenye kompyuta, na mwaka 1971 ikaanza MEDLINE, iliyowezesha maktaba za mbali kutafuta moja kwa moja kwa njia ya mawasiliano ya simu. Kwa miaka mingi ya mwanzo, aliyeketi mbele ya mtambo ule alikuwa mkutubi aliyefunzwa. Daktari alileta swali, mkutubi akalivunja vipande, akachagua istilahi kutoka kwenye orodha rasmi ya vichwa vya mada, akaendesha msako, akarudisha majibu. Kisha PubMed ikafunguliwa mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa bure kwa kila mtu. Leo ina rekodi zaidi ya milioni 35. Lilikuwa jambo kubwa na jema, sina ugomvi nalo. Lakini mlango ulipofunguliwa kwa wote, kazi iliyokuwa na mtu wake, mafunzo yake na mshahara wake ilimwangukia kila mhudumu wa afya juu ya kazi zake nyingine, bila dakika hata moja kuongezwa kwenye zamu. Wauguzi walikuwa na orodha yao, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1961 na leo inajulikana kwa jina la CINAHL, kwa sababu mambo ya uuguzi hayakuwa yakipata nafasi ya kutosha katika orodha za madaktari. Kinaya ni kwamba ya madaktari ndiyo iliyofanywa bure; ya wauguzi iko mikononi mwa kampuni ya EBSCO na husomwa kwa malipo ya usajili.

Ili kuona uzito wa kazi yenyewe, tuchukue swali moja la wodi ya wazazi, swali ambalo ni la mkunga hasa wala halimsubiri daktari: mama anayeruhusiwa kurudi nyumbani apewe jeli ya klorheksidini ya kupaka kitovu cha mtoto, au aambiwe akiache kikavu na kisafi? Mkunga anafungua simu, anaandika maneno matatu ya Kiingereza, na orodha inashuka. Haipangwi kwa usahihi wa jibu. Inapangwa kwa jinsi kila rekodi inavyokaribiana na maneno aliyoandika. Akiangukia utafiti wa Nepal uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 2006, ataona vifo vya watoto waliosafishwa kitovu kwa dawa hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 24. Akiangukia ule wa Pakistani wa mwaka 2012, punguzo ni asilimia 38. Ule wa Bangladeshi wa mwaka huo huo unachanganya kidogo: waliopakwa mara moja tu walinufaika, waliopakwa kwa siku saba haikuonekana wazi kwamba vifo vilipungua. Mkunga huyu ana haki ya kufunga simu akiwa ameridhika kwamba dawa inaokoa maisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, lenyewe liliipendekeza mwaka 2014 kwa watoto wanaozaliwa nyumbani mahali ambapo vifo vya watoto wachanga vinafika 30 au zaidi kwa kila 1,000 waliozaliwa hai.

Asipoteremka zaidi kwenye orodha hiyo, hatajua kilichotokea Pemba. Huko, utafiti uliohusisha watoto wachanga zaidi ya 36,000 na kuchapishwa mwaka 2016 katika Lancet Global Health haukupata tofauti ya maana ya vifo kati ya waliopakwa klorheksidini na walioachwa kitovu kikavu. Utafiti mwingine mkubwa wa Jimbo la Kusini la Zambia, uliotoka mwaka huo huo, ulifikia hapo hapo. Sababu si kwamba dawa ilibadilika. Pemba vifo vya watoto wachanga vilikuwa kama 11 kwa kila 1,000, chini mno ya vile vya vijiji vya Asia kusini ambako wanawake wengi walijifungulia nyumbani. Pale ambapo maambukizi ya kitovu hayaui wengi, hakuna wengi wa kuokolewa kwa njia hiyo. Kisha, Novemba 2020, WHO ikatoa tahadhari: katika nchi 9 za Afrika kulikuwa na visa zaidi ya 40 vya jeli hiyo kuingizwa machoni kwa kudhaniwa dawa ya macho, na wengine wakapata madhara makubwa ya kuona. Mwaka 2022 mwongozo wake wa huduma baada ya kujifungua ukasema kitovu kiachwe kisafi na kikavu, na klorheksidini ibaki kwa mazingira ambako watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara, kama kinyesi cha wanyama.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Maandiko hayo yote ni ya kweli, hakuna la kughushi hata moja, na mtu akisoma moja tu atatoka na jibu lisilo la mwenzake aliyesoma jingine. Jibu linapatikana kwa kuyapanga kwa miaka, kuuliza kila utafiti ulifanyika kwa watu gani, na kujiuliza wanawake wa hospitali hii wanafanana na wepi kati yao. Ikisiri, ile aya fupi ambayo PubMed humwonyesha kila mtu, mara nyingi inataja matokeo na kuruka mazingira. Kuna njia za kuyafikia makala kamili: Lancet Global Health inasomeka bure, na mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na WHO pamoja na wachapishaji wakubwa, unazipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida kwa maelfu bila malipo au kwa ada ndogo. Ila Hinari husajili taasisi. Lazima pawepo mtu wa kuisajili hospitali, kuitunza nywila na kuwafikishia wanaoihitaji. Tumerudi kwenye swali lile lile la nani. Siamini kwamba kazi hii yote, kuanzia nywila hadi kulinganisha Nepal na Pemba, inafaa kuachwa kwa mkunga mwenye bando lake mwenyewe saa nane za usiku.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba muuguzi hahitaji kutafuta chochote kwa sababu miongozo ipo. Tanzania ina mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu. Kenya ina miongozo yake ya msingi ya matibabu ya watoto, inayotoshea mfuko wa koti. Wataalamu wamekwisha kusoma, wameshauriana, wameandika. Kwa nini muuguzi arudie? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Mwenye swali aanze na mwongozo, na mara nyingi aishie hapo hapo. Ninachokataa ni kudhani kwamba mwongozo huenda mwendo mmoja na ushahidi. Mwaka 2011 New England Journal of Medicine ilichapisha utafiti wa FEAST, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi na Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbovu wa damu waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya haraka kwa mshipa, kama ilivyokuwa ikifundishwa, wengine hawakupewa. Baada ya saa 48, walikuwa wamefariki karibu asilimia 10.6 ya waliopewa na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Maji yaliyodhaniwa kuokoa yalikuwa yakiua. Hata hivyo kitabu cha mfukoni cha WHO cha mwaka 2013 kiliendelea kuelekeza maji ya haraka kwa mtoto aliye katika hali ya mshtuko, jambo lililolalamikiwa wazi na watafiti, na mapendekezo yaliyorekebishwa yalitoka mwaka 2016. Kwa miaka mitano, anayetundika dripu hiyo, ambaye kwa kawaida ni muuguzi, alikuwa na mwongozo upande mmoja na ushahidi wa wagonjwa wa ukanda huu huu upande wa pili. Sisemi angeamua peke yake kuvunja mwongozo. Hapana, hilo lingekuwa hatari ya aina nyingine. Nasema hospitali yenye mtu wa kufuatilia ingejua mapema, na ingelifikisha suala mezani kwa madaktari wa watoto badala ya kungoja toleo jipya.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya daktari. Hoja hii inasahau kwamba maswali ya wauguzi si nakala za maswali ya madaktari. Mgonjwa wa kiharusi ageuzwe kila baada ya saa ngapi ili asipate vidonda vya mgandamizo? Mpira wa kulishia uhakikishweje kwamba uko tumboni? Kanula ibadilishwe kila baada ya saa 72 kwa ratiba, au iachwe mpaka ionyeshe dalili ya tatizo? Hili la mwisho lilijibiwa na muuguzi, Claire Rickard, na wenzake, katika utafiti wa wagonjwa 3,283 wa hospitali za Queensland, Australia, uliotoka kwenye Lancet mwaka 2012: uvimbe wa mshipa ulikuwa asilimia 7 katika makundi yote mawili, hivyo kubadilisha kwa ratiba hakukuongeza usalama bali gharama na maumivu. Kwa wodi inayohesabu kanula moja moja, hiyo si habari ndogo. Lakini utafiti wa hospitali za Geneva uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta maambukizi ya damu yakipanda baada ya kuacha ratiba, pengine kwa sababu ufuatiliaji wa kanula ulilegea. Aliyesoma mwaka 2012 na kufunga kitabu ana nusu ya habari. Daktari, kwa sehemu kubwa, hata hajui kwamba kuna mjadala hapo, kwa kuwa si yeye anayeichoma kanula hiyo wala kuikagua asubuhi.

Pingamizi jingine limezaliwa juzi tu. Kwa nini tuhangaike na wakutubi na kanzidata wakati simu janja iko mfukoni na programu za akili mnemba zinajibu swali lolote kwa sekunde chache, tena kwa Kiswahili? Faida ya lugha siidharau hata kidogo. Kanzidata zote kubwa zinamtaka muuguzi afikiri kwa Kiingereza, na hicho ni kizuizi cha kweli ambacho wenye semina hawapendi kukitaja. Lakini programu hizi zimekwisha kukutwa mara nyingi zikitaja makala ambazo hazikuwahi kuandikwa, na hata zinapotaja za kweli, anayeuliza haoni ni zipi zimeachwa nje. Zinaweza kumsaidia mtu anayejua kazi ya kutafuta aifanye upesi. Kwa asiyejua, zinaongeza mwenzake mwingine wa kuulizwa kwenye ule mnyororo, mwenye sauti ya uhakika kuliko wote. Swali la kitovu, likijibiwa kwa makala za mwaka 2012, jibu lake litasikika sahihi kabisa.

Lililobaki ni la fedha na watu. Hospitali ya wilaya ambayo muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima usiku, inaambiwa iajiri mkutubi? Mfano wa mkutubi wa wodini upo, ulianza mwaka 1971 pale Gertrude Lamb wa Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, alipowapeleka wakutubi kwenye raundi za wagonjwa ili wachukue maswali pale pale yanapozaliwa. Je, inasaidia? Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 na Joanne Gard Marshall na wenzake uliwauliza madaktari na wauguzi zaidi ya 16,000 wa hospitali za Amerika Kaskazini; karibu robo tatu walisema taarifa walizopata kwa njia ya maktaba ziliwafanya wabadilishe, kwa hakika au pengine, jambo fulani katika kumhudumia mgonjwa. Ushahidi huu una udhaifu wake. Waliojibu ndio walioeleza wenyewe, na anayependa maktaba ndiye mwepesi wa kujibu dodoso la maktaba. Sitaubebesha zaidi ya unachoweza kubeba. Unaonyesha kwamba kukiwa na njia iliyoandaliwa, wauguzi huitumia. Haionekani kuwa wana chuki na kusoma.

Kwa hospitali zetu wala sidai mkutubi kwa kila wodi. Nadai kidogo kuliko hapo, na kwa hiyo nadhani kinawezekana. Muuguzi mmoja wa hospitali, mwenye kupenda kazi hiyo na Kiingereza cha kutosha, apewe nusu siku kila wiki iliyoandikwa kwenye ratiba ya zamu kama kazi, si kama fadhila. Awe na nywila ya Hinari na kompyuta yenye mtandao wa hospitali. Kila wodi iwe na daftari la maswali karibu na lile la makabidhiano, ambamo mtu yeyote wa zamu anaandika swali kwa lugha anayoitaka: mgonjwa wa namna gani, tunafikiria kufanya nini, badala ya nini, tukitaka kuona nini. Umbo hilo la swali linafundishwa duniani tangu miaka ya 1990, na linafundishika kwa saa moja. Kazi ya kuligeuza swali kuwa msako, kuanzia kwenye miongozo, kisha mapitio ya kimfumo kama ya Cochrane, kisha tafiti moja moja, ibaki kwa huyo mmoja. Jibu lirudi wodini kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Atakayeniambia kwamba nusu siku ya muuguzi mmoja ni ghali, ajumlishe kwanza posho za semina ile ya siku mbili.

Bado pana kikwazo ambacho ukurasa huo hauwezi kukiondoa wenyewe. Muuguzi akishapata jibu, ana mamlaka gani? Akikuta kwamba utaratibu wa wodi umepitwa, hawezi kuubadilisha kwa kubandika karatasi ukutani, na haifai aweze. Njia ipite kwa muuguzi mfawidhi hadi Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali, ambayo ikubali au ikatae kwa maandishi na kutoa sababu. Na kila ukurasa uliokubaliwa uwe na tarehe mbili, ya siku msako ulipofanywa na ya siku utakaporudiwa, pamoja na jina la cheo kinachowajibika kuurudia. Ukurasa wa kitovu ulioandikwa kwa uaminifu mwaka 2015, ukaachwa bila tarehe ya pili, mkunga wa leo angeufuata bila kosa lolote upande wake.